Kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito, uliza habari za mwaka wa tano

Dar es Salaam. Mazungumzo kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito siku hizi huanzia kwenye picha mbili zilizounganishwa. Kushoto yupo mama mnene ndani ya dera, kulia ni yeye yuleyule amevaa jinzi, na juu pameandikwa idadi ya miezi. Chini yanafuatana maoni: “Dada, umefanyia wapi?” “Shoga, bei gani?” “Naomba namba ya daktari.”

Hakuna ubaya katika maswali hayo. Tatizo ni tarehe ya picha. Nyingi huonyesha mwaka wa kwanza au mwaka na nusu baada ya upasuaji, kipindi ambacho mwili unapungua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Picha ya mwaka wa tano ni adimu kuiona. Wakati huo familia ndiyo inaishi na mwaka wa tano, pamoja na vidonge visivyoisha, vipimo vya damu vya kila mwaka, sahani ndogo kwenye meza ya watu wote, na pengine mimba mpya.

Makala haya hayamshawishi mtu afanyiwe wala asifanyiwe. Ni upasuaji wenye faida kubwa kwa mgonjwa anayestahili, na mwandishi haoni sababu ya kumwonea aibu anayeutafuta. Lakini mtu akishakatwa mfuko wa chakula haurudishiwi, hivyo elimu inatakiwa itangulie fedha.

Wahitaji ni wengi. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa anaishi na unene uliopitiliza. Hapa nchini, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Zamani aliyetaka msaada wa hospitali alifikiria India au Nairobi. Sasa Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inatoa huduma ya kuweka puto tumboni, na matangazo ya hospitali za Uturuki yanatufikia hadi kitandani kupitia simu.

Puto, slivu, baipasi

Ukisikiliza watu wakizungumza, neno “upasuaji” linabeba mambo manne tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya wengine walipie kitu ambacho hakiwasaidii.

La kwanza ni kunyonya mafuta. Daktari huondoa mafuta yaliyo chini ya ngozi, tumboni au mapajani, ili kurekebisha umbo. Si tiba ya unene uliopitiliza wala ya kisukari. Anayekula kama zamani atanenepa tena.

Puto si upasuaji. Linaingizwa kupitia mdomoni likiwa limekunjwa, kisha linajazwa maji au hewa likiwa ndani ya mfuko wa chakula, ili mtu ashibe mapema. Aina nyingi hutolewa baada ya miezi sita, nyingine hukaa hadi mwaka. Siku za mwanzo kichefuchefu na kutapika ni jambo la kawaida. Kwa wastani mtu hupungua kama asilimia 10 ya uzito wake, na baada ya puto kutolewa kazi yote inabaki kwake. Aliyetumia miezi hiyo kubadili ulaji anaondoka na kitu. Aliyekaa akisubiri puto lifanye kazi peke yake, kilo humrudia.

Slivu ndiyo inayofanywa zaidi duniani kwa sasa. Kupitia matundu madogo tumboni, daktari anakata na kuondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na kinachobaki kina umbo la ndizi. Nafasi inapungua, lakini kuna jingine. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni iitwayo grelini, ambayo huuambia ubongo kwamba njaa imeuma. Ndiyo maana wengi wanasema miezi ya mwanzo hawaisikii kabisa ile njaa waliyoizoea. Kilichokatwa kinatupwa. Tatizo lake linalojulikana sana ni kiungulia: mwenye kiungulia kikali tangu mwanzo anaweza kuzidiwa, na daktari makini atamuuliza habari hiyo mapema.

Baipasi ni ya zamani zaidi. Dk Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuifanya katika miaka ya 1960. Daktari anatenga kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vikubwa vya mezani, kisha anakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na sehemu ya mwanzo ya utumbo. Sukari ya mgonjwa wa kisukari mara nyingi huanza kushuka siku chache baada ya upasuaji, hata kabla kilo hazijapungua sana, kwa sababu homoni za utumbo zinabadilika. Bei yake ni kwamba madini na vitamini navyo vinaruka njia.

Nani anastahili

Hospitali huanza na hesabu inayoitwa BMI: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tuchukue mfano wa mama mwenye kilo 118 na urefu wa mita 1.62. Urefu ukizidishwa kwa wenyewe unapata 2.62, na 118 ukiigawa kwa hiyo unapata 45.

Kwa muda mrefu hospitali zilifuata kigezo kilichowekwa na jopo la wataalamu wa Marekani mwaka 1991: BMI ya 40 na kuendelea, au 35 na kuendelea kama kuna ugonjwa unaotokana na uzito, mfano kisukari au shinikizo la juu la damu. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha mstari. Sasa vinapendekeza upasuaji kwa mwenye 35 na kuendelea hata kama hana ugonjwa mwingine, na ufikiriwe kwa mwenye 30 hadi 34.9 ambaye ana kisukari au magonjwa ya aina hiyo.

Kwa hiyo mama wa mfano wetu anastahili kwa hesabu. Dada mwenye kilo 74 na urefu huohuo ana BMI ya 28. Huyo anaona kitambi kinamkera kwenye nguo za harusi, lakini upasuaji huu haukutengenezwa kwa ajili yake. Hospitali ikimkubalia bila maswali, na ajiulize inafanya biashara gani.

Hesabu peke yake haitoshi. Atapimwa moyo, sukari, damu, na vitamini kabla ya kukatwa, kwa sababu wanene wengi wana upungufu wa madini ya chuma na vitamini D hata kama wanakula vingi. Atawekewa mpira wenye kamera kuangalia mfuko wa chakula, na atatafutiwa bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, ambao wapo kwa wengi wetu. Mtaalamu wa lishe atamhoji, na wa saikolojia pia. Huyu wa saikolojia wengi wanamwona ni kikwazo kisicho na maana. Kazi yake ni kumtambua mtu anayekula usiku kwa msongo wa mawazo, mwenye sonona isiyotibiwa, au ambaye pombe imeshamzoea, ili atibiwe kwanza.

Kuna swali moja ambalo mgonjwa hawezi kulijibu mwenyewe: je, pumzi yako hukatika ukiwa usingizini? Anayekoroma hajui. Anayejua ni aliyelala pembeni yake. Kama mume au mke wako anakoroma, ananyamaza ghafla, kisha anashtuka akivuta pumzi kwa nguvu, nenda naye kliniki ukalieleze hilo mbele ya daktari wa usingizi. Ni habari inayoweza kuokoa maisha siku ya upasuaji.

Kilo ngapi, kwa muda gani

Rudi kwa mama wa kilo 118. Kwa wastani slivu humpunguza mtu kama robo ya uzito wake, na baipasi karibu asilimia 30. Akifanyiwa baipasi na kupata matokeo ya kawaida, baada ya mwaka na nusu atakuwa na kilo 83 hivi. BMI yake itakuwa 31 na ushee. Yaani kwenye jedwali la hospitali bado ataandikwa kuwa na unene uliopitiliza.

Hapa ndipo matarajio yanapovunjika. Mama huyu anaweza kuwa ameacha sindano za insulini, presha imetulia, magoti hayaumi, anapanda ngazi za shule ya mtoto bila kupumzika njiani. Kitabibu ameshinda. Lakini kama alichokuwa anakiota ni zile kilo 60 za siku ya ndoa, atajiona ameshindwa, na waliomzunguka wanaweza kumsaidia kujiona hivyo. Ni vizuri mtu na mwenza wake waifanye hesabu hii pamoja mapema, mezani, kwa kalamu.

Halafu muda. Utafiti ulioanza Sweden mwaka 1987 ulifuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene uliopitiliza, karibu nusu wakiwa wamefanyiwa upasuaji na wengine wakipata matibabu ya kawaida. Waliofanyiwa baipasi walipungua asilimia 32 ya uzito katika mwaka wa kwanza na wa pili. Ilipofika miaka 10 walikuwa chini kwa asilimia 25. Baadhi ya kilo zilirudi, nyingi hazikurudi. Kwa wenye kisukari, 72 kati ya kila 100 waliofanyiwa upasuaji walikuwa wameondokana nacho baada ya miaka miwili. Baada ya miaka 10 walibaki 36.

Ukiamua kuisoma takwimu hiyo vibaya utasema upasuaji haufanyi kazi. Mimi naisoma tofauti: mtu ambaye kisukari kimempumzisha kwa miaka kadhaa amezipa nafuu figo na macho yake. Na katika utafiti huohuo, kundi lililofanyiwa upasuaji lilikuwa na vifo pungufu kwa karibu robo. Ila nikumbushe kwamba wengi wao walifanyiwa aina ya zamani ambayo leo imeachwa, na slivu haikuwamo. Anayekuahidi miaka 20 ya slivu kwa uhakika uleule anakuuzia.

Hatari ya siku 30 za mwanzo

Wengine hukata tamaa kwa kusikia kwamba fulani alifariki. Vifo hutokea, lakini si kwa kiwango ambacho mitaa inasimulia. Utafiti wa hospitali 10 za Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliangalia watu 4,776. Waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa watatu kati ya kila 1,000, na waliopata tatizo kubwa walikuwa wanne hivi kati ya kila 100. Hizo zilikuwa hospitali zenye uzoefu mkubwa, na hilo ndilo la kulishika. Hatari inapanda mahali ambapo upasuaji huo hufanywa mara chache.

Matatizo yenyewe ni kuvuja kwenye mshono, kuvuja damu, na damu kuganda kwenye mishipa ya miguu kisha kukimbilia mapafuni. Ndiyo sababu muuguzi humwamsha mgonjwa atembee siku ileile, hata akilalamika. Ndugu anayemwonea huruma na kumwambia “lala mama, pumzika” hamsaidii.

Kabla ya hapo, wiki mbili hivi, mgonjwa hupewa mlo maalumu wenye wanga na mafuta kidogo. Watu hudhani anapimwa utii. Sababu ni ini: kwa mtu mnene ini hujaa mafuta na kufunika mfuko wa chakula, na mlo huo hulipunguza ili daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Sigara nayo iachwe mapema, na isirudi, kwani baada ya baipasi huchochea vidonda.

Maisha ya nyumbani

Wiki za kwanza ni vimiminika, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha laini, na baada ya mwezi mmoja hadi miwili vigumu vinarudi taratibu. Hapo ndipo jiko la nyumbani linapoingia kwenye matibabu.

Protini huliwa kwanza, gramu 60 na zaidi kwa siku, maana mwili unaopungua haraka huanza kula misuli. Yai moja lina gramu sita hivi. Kwa mfuko mdogo kiasi hiki, gramu 60 ni kazi ya kutwa nzima: mayai, maziwa ya mtindi, samaki, dagaa, maharage yaliyopondwa. Ugali unafuata baadaye, tonge mbili au tatu. Wali mkavu, mkate, chapati na nyama ngumu ya kuchoma huwakwama wengi. Maji hayanywewi pamoja na chakula, yanasubiri nusu saa, na yanatakiwa yafike lita moja na nusu kwa siku, funda kwa funda.

Halafu kuna uji wa sukari, soda, juisi na chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari. Hivi haviangalii udogo wa mfuko, vinateleza tu. Kilo nyingi zinazorudi huingia kwa njia hiyo, pamoja na kashata na karanga za kutafuna kutwa. Kwa aliyefanyiwa baipasi, sukari nyingi inaweza kumletea jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuharisha ndani ya nusu saa. Inatisha kwa anayeiona mara ya kwanza, hasa watoto, hivyo waelezwe mapema.

Kula kwetu si jambo la mtu mmoja. Ukienda kwa wakwe ukala vijiko sita, mama mkwe atauliza, “Mwanangu, mbona huli, chakula changu hakina chumvi?” Atakayejibu swali hilo miaka yote ni nani, wewe au mume wako? Wengine huficha kabisa kwamba walifanyiwa upasuaji, na siri hiyo huwafanya wale kwa kulazimishwa kwenye shughuli, kisha wakatapike uani. Si lazima ukoo mzima ujue. Lakini watu wawili watatu wanaokaa nawe chini ya dari moja wajue, tena kwa undani.

Vidonge ni vya maisha. Vitamini mchanganyiko, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, na B12 ambayo wengine huchomwa sindano kila baada ya miezi mitatu. Mwanamke anayeona hedhi ana sababu zaidi ya kutoacha madini ya chuma. Vipimo vya damu hufanywa mwezi wa tatu, wa sita, wa 12, kisha kila mwaka. Wengi huacha vidonge mwaka wa pili au wa tatu kwa sababu wanajisikia vizuri, au kwa sababu ada ya shule imefika. Upungufu haupigi hodi siku hiyo. Huja taratibu, kama uchovu, ganzi miguuni, usahaulifu, mifupa kuuma.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya upasuaji, ingia duka la dawa ukaulize bei ya virutubisho hivyo kwa mwezi mmoja. Zidisha kwa 12, kisha zidisha kwa tano. Ongeza gharama za vipimo. Kama jumla hiyo inaitisha familia, basi fedha za upasuaji hazijatimia, hata kama bei ya hospitali mnayo mkononi. Bima nayo iulizwe, na jibu lipatikane kwa maandishi: inalipia upasuaji tu, au na vipimo vya miaka inayofuata?

Nywele hukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na kwa wengi huota tena. Ngozi ya tumbo, mikono na mapaja inaweza kulegea na kuning'inia, na kuiondoa ni upasuaji mwingine wenye bei yake.

Mimba, Ramadhani na pombe

Mwanamke akipungua, yai hupevuka vizuri zaidi, na aliyekaa miaka bila kushika mimba anaweza kushika bila kutarajia. Ni habari njema iliyokuja wakati mbaya, kwa sababu madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18 ili mwili utulie. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifyonzwe vizuri baada ya baipasi, hivyo kitanzi au kijiti ni chaguo salama zaidi, na kiwekwe kabla ya siku ya upasuaji. Mjamzito aliyefanyiwa upasuaji huu amwambie mkunga tangu hudhurio la kwanza. Kile kinywaji cha sukari cha kupima kisukari cha mimba kinaweza kumsumbua sana, na kuna njia nyingine za kumpima.

Kwa Waislamu, swali la funga liulizwe wazi na lisiachwe hadi mwezi uandame. Katika mwaka wa kwanza, kupata maji ya kutosha na protini kati ya futari na daku ni vigumu mno, na madaktari wengi hushauri mtu asubiri. Anayetumia dawa za kisukari ana sababu ya ziada, kwani dozi zake hubadilika haraka baada ya upasuaji na sukari inaweza kushuka ghafla.

Pombe baada ya baipasi hupanda kichwani haraka na kwa nguvu zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha matatizo ya ulevi yakiongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji, wakati ambao watu wengi wameshaacha kwenda kliniki. Familia ndiyo huona kwanza.

Na kijana wako je? Zipo nchi ambako vijana wenye unene mkubwa sana hufanyiwa upasuaji huu, na madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2023 walitoa mwongozo unaoruhusu wenye miaka 13 na kuendelea kupelekwa kufanyiwa tathmini. Tathmini si upasuaji. Kwa mzazi mwenye mtoto mnene, hatua ya leo ni daktari wa watoto na mtaalamu wa lishe.

Sindano badala ya kisu?

Kabla ya kuamua, uliza pia kuhusu dawa. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021, semaglutaidi, inayochomwa mara moja kwa wiki, iliwapunguza watu karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Tirzepataidi kwa dozi kubwa ilifikia karibu asilimia 20. Lakini walioacha semaglutaidi walirudishiwa theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja. Nayo basi ni safari ndefu, na bei yake haiishi siku moja. Zisinunuliwe mtandaoni kwa mtu asiyejulikana, kwani bandia zipo.

Maswali ya kumpelekea daktari

Mwulize amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi mwaka uliopita, na wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji. “Daktari, samahani, naomba kujua” inatosha kuanzia. Daktari anayefanya kazi yake vizuri ana namba hizo na hachukii kuulizwa. Mwulize kwa nini anakuchagulia slivu na si baipasi, kwa hali yako wewe. Mwulize nani ataangalia damu yako mwaka wa tatu na wa tano, kwa jina la kliniki. Omba pia kuzungumza na mgonjwa wake wa miaka mitano iliyopita, si wa mwaka huu.

Anayefikiria Uturuki au India ajue kwamba mshono ukivuja, mara nyingi hutokea siku au wiki za mwanzo, pengine akiwa ameshapanda ndege. Safari ndefu ya kukaa kitini mapema huongeza hatari ya damu kuganda. Kwa hiyo, kabla ya tiketi, atafute daktari wa hapa atakayekubali kumpokea akirudi, na arudi na ripoti kamili ya upasuaji kwa Kiingereza au Kiswahili.

Kwa wanaobaki nyumbani na mgonjwa, dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri asubuhi ni homa, maumivu ya tumbo au bega yanayozidi, moyo kwenda mbio akiwa amekaa, pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba, na kutapika hadi maji hayakai. Akiumwa kichwa au mgongo asipewe diklofenaki wala ibuprofeni ya dukani bila kumuuliza daktari wake, hasa kama ni baipasi, maana zinaweza kutoboa kidonda. Parasetamo inafaa.

Mambo hayo yaandikwe kwenye kikadi cha pochi, na kwenye sehemu ya dharura ya simu: aina ya upasuaji, tarehe, hospitali, dawa zilizokatazwa. Ongezeni mstari mmoja kwamba akiwa ametapika kwa siku kadhaa, apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi ikitangulia kwa mtu aliyepungukiwa na B1 inaweza kuumiza ubongo. Daktari wa zamu wa usiku, asiyemjua kabisa, ataanzia hapo.